Mtoto mwenye mahitaji maalumu kwenye bustani za michezo: maswali ya wazazi wa Dodoma

Kila likizo ya Juni na Desemba wazazi wa hapa tunaulizana mambo yale yale, iwe safari ni ya kwenda Chinangali Park tu au ya kupanda SGR, treni ya umeme, hadi Dar es Salaam kwenye bustani ya maji ya Kunduchi. Majibu haya ni kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, mgongo wazi, kifafa, ualbino au hali nyingine inayofanya siku ya matembezi kuwa kazi nzito kuliko kwa watoto wengine. Jambo moja utaliona likijirudia: mwendo wa siku upangwe kwa nguvu za mtoto, si kwa thamani ya kiingilio.

Mtoto wangu hajawahi kwenda mahali pa namna hiyo. Nianzie wapi?

Anzia karibu na nyumbani. Mpeleke Nyerere Square jioni ya siku ya kazi, wiki nyingine Chinangali Park, na ukae umtazame yeye tu, simu ikiwa mfukoni. Unachotafuta ni dalili zake za kwanza za kuchoka, zile zinazotangulia kilio. Kila mtoto ana zake. Mmoja huanza kung'ata kola ya shati, mwingine hutembelea ncha za vidole, mwingine hucheka kicheko kinachopanda hadi hakina tena furaha ndani yake. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mara nyingi utaona mkono unaanza kujikunja au udenda unamtoka kuliko kawaida.

Angalia saa dalili hiyo inapojitokeza. Muda huo ndio kipimo chako, na kwa safari kubwa uugawe nusu, maana jua, kelele na ugeni wa mahali vinakula nguvu zake kabla hajagusa mchezo wowote.

Tukifika, tukae muda gani?

Mfupi kuliko unavyodhani. Kwa watoto wengi saa mbili nzuri zinatosha, na kwa wengine saa moja. Ninajua linalotuponza: umelipa kiingilio cha watu watano, umelipa nauli, umeomba ruhusa kazini, na sasa mtu anakwambia uondoke saa tano asubuhi! Lakini pesa ya kiingilio imeshatoka. Haitarudi hata mkikaa hadi taa zizimwe, na saa ya mwisho ya kung'ang'ania ndiyo inayoharibu zote zilizotangulia. Mtoto hukumbuka alivyoondoka. Ondokeni wakati bado anacheka, hata akilalamika kidogo kwamba anataka zaidi. Malalamiko hayo ni mtaji wa safari ijayo.

Ndani ya muda huo, fuata mpangilio wa mchezo mmoja, pumziko, mchezo mmoja. Pumziko lije kabla ya uchovu. Kumtuliza mtoto aliyekwisha kulemewa kunaweza kuchukua saa nzima, ilhali dakika kumi chini ya mti kabla ya hapo zingetosha. Kwa hiyo jambo la kwanza mkipita getini ni kutafuta kivuli chenu: mbali na spika, mgongo kwenye ukuta au uzio ili watu wasipite nyuma yake, na pasiwe mbali na choo. Tandikeni mkeka hapo, wekeni mizigo, mtoto apaone. Hapo ndipo nyumbani kwa siku ile, na anaweza kupaomba muda wowote bila kulazimika kulia kwanza.

Mchezo anaoupenda zaidi usiufanye wa mwisho kama zawadi. Uwe wa kwanza au wa pili, nguvu zikiwepo.

Ni mwezi gani na siku gani iliyo bora?

Jumanne hadi Alhamisi, mara milango inapofunguliwa. Sikukuu za Idi, Krismasi na siku inayofuata Krismasi ziacheni zipite, kwa sababu siku hizo bustani zote, za Dodoma na za Dar es Salaam, hujaa hadi mtoto haoni kitu ila migongo ya watu.

Kwa hapa Dodoma, Juni na Julai hakuna mvua, ila asubuhi kuna baridi na upepo unaotimua vumbi, hivyo mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta mkononi. Oktoba na Novemba jua ni kali mno. Miezi hiyo msitoke nje kati ya saa tano na saa tisa. Dar es Salaam ina tatizo jingine: joto lake lina unyevu, na mtoto aliyezoea hewa kavu ya huku kwetu hutoka jasho na kuchoka haraka kuliko mnavyotarajia.

Vipi maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni? Wanangu wengine wanaililia.

Inawezekana, ila si tarehe 8 Agosti yenyewe wala siku mbili tatu kabla yake. Maonesho huanza mwanzoni mwa mwezi, na siku zile za kwanza, saa tatu asubuhi, unaweza kusukuma kitimwendo kati ya mabanda bila kumgonga mtu. Nendeni moja kwa moja kwenye mifugo. Ng'ombe, mbuzi na sungura huwatuliza watoto wengi kuliko bembea za kukodi, na mtoto asiyeona anapata kitu cha kugusa na kunusa. Muziki wa mabandani hupandishwa kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo ukisikia spika mbili zinashindana, hiyo ndiyo saa yenu ya kuondoka.

Kwenda Dar: SGR au basi?

SGR, kama mfuko unaruhusu. Tangu treni ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, safari ya kutwa nzima imekuwa ya takriban saa nne. Kwa basi ni kilomita kama 450 za barabara, saa saba au zaidi, na choo ni pale dereva atakapoamua kusimama. Ndani ya treni mtoto anaweza kusimama, kutembea kidogo na kwenda chooni anapohitaji. Nauli zilipotangazwa mwaka 2024, mtu mzima wa daraja la kawaida alilipa shilingi 31,000, mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake, na wa chini ya hapo alisafiri bure. Hakikisheni nauli ya sasa kabla ya kupanga bajeti.

Kuna mambo ya kumwandaa nayo. La kwanza ni ukaguzi wa mizigo stesheni: begi lake litapita kwenye mashine na litatoka upande wa pili, naye aambiwe hivyo kabla, kwani mtoto anayetembea na mdoli wake asiyeachana naye anaweza kuangua kilio begi likimezwa. La pili ni mahandaki ya upande wa Kilosa. Treni huingia gizani ghafla, sauti hubadilika, na masikio yanaweza kuziba. Mwambieni mapema kwamba mtaingia gizani, mtahesabu pamoja, kisha mwanga utarudi. Mpeni kitu cha kutafuna au kunywa ili masikio yafunguke. Watoto waliokwisha kuambiwa huisubiri sehemu hiyo kwa hamu.

Nunueni tiketi mapema ili mkae pamoja, mtoto akae dirishani na mtu mzima akae upande wa njia.

Tunaweza kufika asubuhi na kwenda kuogelea siku hiyo hiyo?

Msifanye hivyo. Siku ya kusafiri ni ya kusafiri. Fikeni, mle, mlale kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni, mchezo uwe kesho yake. Na siku inayofuata mchezo iwe ya kupumzika kabla ya kupanda treni ya kurudi.

Foleni anashindwa kabisa. Nifanye nini?

Mtu mmoja akae kwenye foleni, mwingine abaki na mtoto kivulini, na zamu ikikaribia mpigiane simu. Ndiyo maana safari hizi zinahitaji watu wazima wawili, hata kama wa pili ni binamu wa kidato cha sita. Jambo jingine linalosaidia sana ni kupiga simu siku moja kabla, kuomba kuzungumza na msimamizi, na kumweleza kwa ufupi: "Nina mtoto mwenye usonji, hawezi kusubiri kwenye msongamano, naomba atakayenipokea getini." Uliza pia kama wana kivuko cha kitimwendo, kama anayemhudumia mtoto analipa kiingilio kamili, na muziki huanza saa ngapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufika na kutumia maeneo yaliyo wazi kwa umma, hivyo huombi hisani. Ila ukiomba kwa upole siku moja kabla utasaidiwa haraka kuliko ukigomba getini.

Mwanangu anapenda maji kupita kiasi. Nichukue tahadhari gani?

Inategemea hali yake, na hapa ninaomba msome taratibu.

Mwenye *kifafa* anaweza kuingia majini ikiwa kifafa chake kimetulia kwa dawa na daktari amekubali, lakini mtu mzima awe majini pamoja naye, umbali wa kumshika, na awe na nguvu za kumwinua. Kukaa pembeni ukiangalia hakutoshi, wala jaketi la kuelea si badala ya mtu. Mtelezo mrefu ambao mtoto hushuka peke yake muuache. Usiku wa kabla alale vya kutosha na dozi isirukwe, kwa kuwa kukosa usingizi na kukosa dawa ndivyo vinavyoamsha kifafa kwa watoto wengi. Degedege likija, mtoe majini, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hesabu dakika. Likizidi dakika tano, ni hospitali.

Mwenye *selimundu* hatari yake ni baridi na kukaukiwa maji mwilini. Asijitose ghafla kwenye maji ya baridi asubuhi. Akitoka akaushwe na avae nguo kavu papo hapo, na anywe maji kila mara bila kungoja kiu.

Mwenye *mtindio wa ubongo* misuli hukaza kwenye maji baridi na hulegea kwenye ya vuguvugu. Bwawa la watoto, ambalo maji yake ni machache na yamepigwa na jua, humfaa kuliko bwawa kubwa. Akianza kutetemeka muda umekwisha, hata kama ni dakika ya kumi.

Mwenye *mgongo wazi* huenda hana hisia miguuni. Sakafu ya zege iliyochomwa na jua inaweza kumbabua nyayo, na mtelezo unaweza kumchubua, naye asihisi chochote. Avae soksi nene au viatu vya majini muda wote, na jioni umkague ngozi ya visigino, magoti na makalio kwa mwanga mzuri.

Mwenye *ualbino* aogelee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, akiwa na fulana ya mikono mirefu hata majini, kofia pana akitoka, na mafuta ya kuzuia jua yanayopakwa upya kila atokapo majini. Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwenye hospitali ya KCMC, yametengenezwa kwa ajili yao hasa.

Mwenye *usonji* nimemwekea jibu lake hapo chini, kwenye suala la kupotea.

Bembea, michezo ya kuzunguka na maputo makubwa ya kurukia je?

Gusa kwanza mtelezo kwa mgongo wa mkono wako. Wa bati uliokaa juani Dodoma tangu asubuhi unaunguza.

Mtoto mwenye Down syndrome anaweza kuwa na shingo isiyo imara kwenye pingili za juu, kwa hiyo michezo ya kurukaruka, kupinduka na ile inayotikisa kichwa kwa nguvu muulizeni daktari wake kabla. Mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kupunguza maji, vivyo hivyo.

Kingine ambacho wengi hawakijui: watoto wengi wenye mgongo wazi huwa na mzio wa mpira asilia, kwa sababu ya upasuaji na mipira ya mkojo tangu utotoni. Puto la kawaida la kupuliza, lile la sherehe, limetengenezwa kwa mpira huo. Likipasuka, unga wake unaingia hewani. Wakija wauza maputo, sogeeni pembeni, na wajomba waambiwe mapema wasije nayo kama zawadi.

Anakula chakula cha aina moja tu. Tutamlisha nini?

Hicho hicho. Siku ya safari si siku ya kumfundisha kula pilau. Kama anakula wali mweupe na ndizi, beba wali mweupe na ndizi, kwenye sahani yake ya siku zote. Zipo sehemu zinazokataza kuingia na chakula, ndiyo sababu lisemeni kwenye ile simu ya siku moja kabla. Soda na pipi za vibandani zingojee mwisho. Anayelishwa taratibu kwa kijiko apewe muda wake kamili kivulini, bila mtu kumharakisha.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye buti la basi au gari juani. Weka kengele ya simu kwa saa za dozi, maana kwenye shamrashamra saa husahaulika.

Mtoto ana miaka tisa na bado anavaa pampasi. Nimbadilishie wapi?

Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa na havina mahali pa kumlaza mtoto mkubwa. Beba mkeka mwepesi, kanga mbili, maji kwenye chupa na mifuko myeusi. Kanga moja ya kutandika, nyingine ashike mtu kama pazia. Uliza pia kama kuna ofisi au chumba cha huduma ya kwanza. Wahudumu wengi wanawake wakiona unahangaika hukufungulia chumba wenyewe. Mtoto wa miaka tisa anastahili sitara kama mtu mwingine yeyote, hata kama hawezi kuiomba.

Nikimpoteza?

Anza na maji. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na hawaogopi kina chake, kwa hiyo akitoweka, wa kwanza kukimbia akimbilie bwawani, wengine ndio watazame getini na kwenye michezo. Usianze kwa kuita jina lake tu, huenda asiitike.

Asubuhi kabla ya kutoka mpige picha na nguo alizovaa. Mvishe rangi kali inayoonekana majini: njano au chungwa, si bluu. Andika namba yako ya simu mkononi kwake kwa kalamu ya wino usiofutika. Na wakati wowote awe na mtu mmoja mwenye jina. "Tunamwangalia wote" maana yake hakuna anayemwangalia. Badilishaneni zamu kwa kutamka: "Sasa yuko kwako." "Haya, yuko kwangu."

Akilipuka katikati ya watu?

Huo si utukutu, na kumchapa hakusaidii. Amelemewa. Acha kuongea naye maneno mengi, punguza watu na sauti, mpeleke kwenye mkeka wenu kama anakubali kushikwa, na kama hakubali, simameni kumzunguka mpaka upepo upite. Hedifoni za kuziba masikio na kanga ya kujifunika kichwa zinafanya kazi kubwa. Akitulia, mpe maji, na mrudi nyumbani. Usimjaribie mchezo mwingine "ili amalize vizuri".

Na watu wakimkodolea macho, au kusema amerogwa?

Mzee akisema, mwamkie kwanza. "Shikamoo bibi. Mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza, atatulia." Wengi hapo hapo huuliza wasaidie nini. Wengine wanaobaki kunong'ona waache, kwani siku hiyo nguvu zako ni za mtoto. Watoto wadogo wanaouliza kwa nini dada hatembei wajibuni kweli tupu, kwa upole. Hao ndio wanaomkaribisha kucheza dakika mbili baadaye.

Ndugu zake wanachoka kuondoka mapema kila mara. Nao je?

Wana haki. Gawanyeni familia: mmoja arudi na mtoto aliyechoka, mwingine abaki na wenzake hadi jioni. Kama mko mzazi mmoja tu, mwombe shangazi au mjomba awapeleke siku yao wenyewe. Wasipewe kazi ya ulezi siku nzima kwa jina la upendo.

Wapo wanaokwenda nje ya nchi. Huko mambo ni tofauti?

Kwa sehemu. Bustani za Disney za Marekani zina utaratibu unaoitwa DAS, ambao familia hupewa saa ya kurudi kwenye mchezo badala ya kusimama kwenye foleni. Tangu 2024 umebanwa zaidi, unawahusu hasa wenye usonji na hali zinazofanana nayo, na huombwa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Viwanja vingi vya ndege hutoa utepe wa shingoni wenye picha za alizeti, ulioanzia Gatwick, Uingereza, mwaka 2016, unaowaashiria wahudumu kwamba mtu ana hali isiyoonekana kwa macho. Lakini bustani zenyewe ni kubwa mno, mwendo wa kutwa kwa miguu, na mabadiliko ya saa huvuruga usingizi na dozi. Mtoto asiyeweza saa mbili za Chinangali hataweza siku ya huko.

Tukisharudi, shule ni kesho yake. Ni sawa?

Acheni siku moja katikati, na kama anatumia dawa, siku mbili ni bora. Mwandikieni mwalimu wake ujumbe mfupi: mlikwenda wapi, alipenda nini, nini kilimtisha. Mwalimu akijua kwamba mtoto alipita kwenye handaki la Kilosa na kuhesabu hadi mwanga ukarudi, ana jambo la kuzungumza naye Jumatatu nzima, hata kwa picha kama mtoto hasemi.